UZI: Blues si muziki mmoja. Delta, Piedmont, Texas, Chicago: mahali pa kupigia ndipo palipotengeneza mtindo

NyuziSita (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Tangu filamu ya Sinners itoke mwaka 2025, vijana wengi wameigundua blues, na hilo ni jambo jema. Kinachonikera ni namna inavyozungumzwa: kana kwamba ni wimbo mmoja mrefu, mzee kakaa barazani na gitaa lake, analia mkewe kamkimbia. Blues ina pande zake. Ya Mississippi si ya Carolina, ya Texas si ya Chicago, na sikio likishazoea unazitenganisha kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Hoja yangu ni hii, na ruksa kuirarua: usianze na uchungu wa mwimbaji. Uliza kwanza alikuwa anapiga wapi, watu waliomzunguka walikuwa wanafanya nini, na palikuwa na kelele kiasi gani. Hapo ndipo mtindo ulipotoka.

Umbo kwanza, kwa wasiolijua. Beti ya kawaida ya blues ina mistari mitatu: wa kwanza unaimbwa, wa pili ni uleule unarudiwa, wa tatu unajibu na kufunga kina. Chini yake kuna vipimo 12 vya mapigo manne manne na kodi tatu (za gitaa, si za TRA). Sauti ya mwimbaji inaishia nusu ya njia kila mstari, na nafasi inayobaki gitaa ndilo linalomjibu. Halafu kuna zile noti ambazo piano haina, zinazokaa katikati ya funguo mbili. Mwimbaji anazivuta kwa koo, mpiga gitaa anazipata kwa kupinda uzi. Basi. Na wazee wengi wa mwanzo hata hivyo vipimo 12 hawakuvihesabu, wakijisikia kupiga 13 na nusu walipiga.

Sasa DELTA.

Msije mkadhani ni pale mto unapoingia baharini. Delta inayosemwa hapa ni bonde tambarare lililo kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Mississippi. Mafuriko ya karne na karne yaliacha udongo mweusi mno, na udongo ule ukalimwa pamba. Waliolima ni Weusi, watoto na wajukuu wa waliokuwa watumwa, kwa mpango wa kugawana mazao: mwenye shamba anatoa ardhi, mbegu na nyumbu; wewe unakopa unga na viatu kwenye duka lake; msimu ukiisha anafungua daftari yeye mwenyewe na kukusomea unachodaiwa. Mwaka unaofuata unalima kulipa deni la mwaka jana.

Shamba la Dockery, karibu na mji wa Cleveland, Mississippi, lilianzishwa mwaka 1895 na Will Dockery, na lilikuwa na watu wengi kiasi cha kuwa mji mdogo. Humo aliishi Charley Patton. Jumamosi usiku kibanda cha mtu mmoja kinageuka kilabu: kitanda na meza vinatolewa nje, samaki wanakaangwa, pombe ya magendo inauzwa, watu wanacheza mpaka sakafu ya mbao inalalamika. Bendi hakuna. Mpigaji ni mmoja, na analazimika kuwa bendi nzima. Kidole gumba kinashika besi bila kukoma, kisigino kinapiga sakafu, shingo ya chupa au kisu kinateleza juu ya nyuzi na kulia kama mtu wa pili. Sauti lazima iwe ya kukwaruza na kubwa, la sivyo hakuna atakayeisikia. Patton alipiga gitaa likiwa nyuma ya kichwa na katikati ya miguu miongo mingi kabla ya Jimi Hendrix. Hiyo haikuwa huzuni wakuu, hiyo ilikuwa shoo.

Mwaka 1927 yalipoingia sokoni magitaa ya chuma ya kampuni ya National, yenye sahani za alumini ndani kama koni za spika, watu kama Son House na Bukka White waliyapenda kwa sababu moja tu: yalipiga kelele.

Naendelea, nipeni nafasi.

MtaaWaSaba

Uzi tayari, nimeweka kambi. Ila mkuu mbona unamkwepa yule aliyeuza roho kwa shetani kwenye njia panda? Hiyo ndiyo nondo tunayoisubiri.

NyuziSita

Nilijua tu. Haya.

Robert Johnson alizaliwa Hazlehurst, Mississippi, mwaka 1911. Son House alisimulia kwamba kijana huyo alikuwa akisumbua watu kwenye shughuli: wakubwa wakipumzika anachukua gitaa na kulikwaruza mpaka wageni wanalalamika. Akapotea. Aliporudi aliwaacha midomo wazi. Kutoka hapo watu wakajenga hadithi ya njia panda usiku wa manane. Lakini hadithi ya namna hiyo iliwahi kusimuliwa kumhusu mtu mwingine, Tommy Johnson, ambaye hana undugu naye, na aliyeieleza ni LeDell, kaka yake Tommy.

Robert alikuwa wapi? Alikuwa kusini mwa jimbo kwa mpiga gitaa aitwaye Ike Zimmerman, wakifanya mazoezi, mara nyingine makaburini usiku kwa sababu huko hawasumbui mtu. Yaani shetani aliyemfundisha alikuwa mwalimu wa kawaida mwenye subira. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937, akafa karibu na Greenwood tarehe 16 Agosti 1938 akiwa na miaka 27.

Kinachonivutia kwake ni hiki: alikuwa mtoto wa santuri. Waliomtangulia walijifunza kwa jirani. Yeye alijifunza kwa jirani na kwa gramafoni pia, kwa hiyo ukimsikiliza unasikia piano za miji ya mbali zimehamishiwa kwenye nyuzi sita. Ile besi yake inayotembea "dum-da dum-da" ndiyo miaka kumi na kitu baadaye ikawa uti wa mgongo wa Chicago.

BintiMvita

Nimesoma mpaka hapa na sijaona mwanamke hata mmoja. Hivi hamjui kwamba wanawake ndio waliofungua mlango?

Tarehe 10 Agosti 1920 Mamie Smith aliingia studio ya Okeh jijini New York akaimba "Crazy Blues". Santuri ikauzika hata kampuni zikashtuka: kumbe Weusi wananunua muziki! Hapo ndipo walipoanza kutafuta waimbaji. Akaja Ma Rainey wa Georgia aliyekuwa akizunguka na maonyesho ya mahema, akaja Bessie Smith wa Chattanooga aliyeanza kurekodi mwaka 1923. Patton wako huyo alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1929. Miaka tisa baada ya Mamie! Wanaume wa gitaa walikuja kuitwa baada ya wanawake kuonyesha kwamba hela ipo.

Na hoja yako ya ukumbi inakubaliana na mimi. Msikilize Bessie: anaimba hemani na kwenye kumbi za maigizo, hakuna kipaza sauti, nyuma yake kuna tarumbeta na piano. Ndiyo maana anaimba taratibu, kila neno linafika kiti cha nyuma. Hahitaji kukwaruza koo, anahitaji kifua.

NyuziSita

BintiMvita umepiga palepale, na nakushukuru. Nilikuwa nataka kwenda kwa mfuatano wa ramani, nawe umeuleta wa miaka, ambao ni wa kweli zaidi. Niongeze tu kuhusu hizo kampuni: Paramount, waliomrekodi Ma Rainey, Patton na Skip James, ilikuwa tawi la kiwanda cha viti huko Wisconsin. Walianza kwa kutengeneza makabati ya gramafoni, wakaona bora watengeneze na vya kuchezesha humo. Walitumia malighafi duni, ndiyo maana ukisikiliza Patton leo unasikia kama mvua inanyesha juu ya bati na mtu anaimba ndani.

PIEDMONT. Hapa watu wengi hushangaa. Ni ukanda wa vilima vya mashariki, Virginia, Carolina mbili, Georgia. Zao ni tumbaku, na kuna miji yenye viwanda. Durham, North Carolina, msimu wa mauzo ya tumbaku ukifika wakulima wanashuka na mazao, wanalipwa papo hapo, na nje ya maghala kuna vipofu na magitaa yao. Blind Boy Fuller alipata riziki yake hapo. Mchungaji Gary Davis, kipofu pia, ndiye aliyemnoa.

Sasa fikiria: unampigia mpita njia, mchana kweupe, ana hela mfukoni na hana haraka ya kucheza. Unatakaje asimame? Kwa ufundi. Gumba linarukaruka kati ya nyuzi mbili za besi kama mkono wa kushoto wa mpiga piano wa ragtime, vidole vingine vinachomekea wimbo juu yake. Nyepesi, safi, ya furaha hata maneno yakiwa ya jela. Elizabeth Cotten wa Carrboro alikuwa mkono wa kushoto, akalipindua gitaa la kawaida bila kubadili nyuzi: vidole vikapiga besi, gumba likapiga wimbo. Aliacha muziki miaka mingi, akafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya akina Seeger, familia ya wanamuziki, mpaka walipomkuta siku moja kashika gitaa lao. Mwaka 1985 akapewa Grammy akiwa bibi wa miaka tisini na kitu.

KatangaYaZamani

Jambo bandugu. Mimi ni wa Lubumbashi, naishi Ubelgiji. Nilipomsikia Elizabeth Cotten kwa mara ya kwanza nilidhani ni mtu wa kwetu.

Kwetu tuna Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, leo inaitwa Likasi, akamrekodi "Masanga". Gumba na kidole cha shahada peke yake, sauti mbili tatu zinatembea pamoja. Halafu Losta Abelo, Edouard Masengo. Na wote hao waliimba Kiswahili, cha kwetu cha migodini. Sisemi walijifunza kwa watu wa Carolina. Nasema tu: mji wa kazi, siku ya mshahara, mtu mmoja na gitaa moja, mpita njia ambaye lazima umsimamishe. Ukumbi ni uleule.

NyuziSita

Mkuu Katanga, hoja yangu hujaiunga mkono tu, umeijengea ghorofa.

Lushoto_Mvua

Mnaenda haraka. Texas iko wapi?

NyuziSita

TEXAS. Blind Lemon Jefferson, alianza kurekodi mwaka 1926 na akawa mwanamume wa kwanza wa gitaa kuuza santuri kwa wingi. Alikaa sana Deep Ellum, mtaa wa Dallas ulio karibu na reli, wa baa, maduka ya rehani na wapita njia. Msikilize: hapigi kwa ajili ya kucheza. Anaimba mstari, anasimama, gitaa linakimbia peke yake huko na huko, linarudi pale linapotaka. Ukijaribu kumchezea utajikwaa. Ni muziki wa kusimama na kusikiliza. Alikufa Chicago mwezi Desemba 1929. Lightnin' Hopkins wa Houston alirithi tabia hiyo, kila mwanamuziki aliyempigia besi alikuwa na kazi ya kumtazama usoni kujua lini anabadilisha kodi.

Tawi la pili la Texas lilihamia California wakati wa vita vya pili, kwa watu waliofuata kazi za viwanda vya ndege na meli. T-Bone Walker, gitaa la umeme, suti, bendi yenye saksafoni, wimbo wake wa "Stormy Monday" wa mwaka 1947. Klabu zenye vitambaa mezani. Sauti ikalainika. Kila mpiga solo wa blues wa umeme aliyekuja baadaye anadaiwa na T-Bone, B.B. King mwenyewe alikiri.

Memphis naipita haraka, si kwa dharau. Ilikuwa kituo: mtaa wa Beale, bendi zilizopuliza mitungi badala ya tuba, kisha redio ya WDIA ambako B.B. King alikuwa mtangazaji kabla ya kuwa mfalme, na studio ndogo ya Sam Phillips iliyomrekodi Howlin' Wolf mwaka 1951.

CHICAGO ndiyo inayohitaji nafasi.

Kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970 Weusi wapatao milioni sita waliondoka kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi. Walikimbia daftari la mwenye shamba na kamba ya kunyongea watu, wakifuata mishahara ya viwanda. Mtu wa Mississippi alipanda treni ya Illinois Central, na mwisho wa reli ile ni Chicago. Mwezi Mei 1943 aliipanda dereva wa trekta wa shamba la Stovall, karibu na Clarksdale, jina lake McKinley Morganfield, ndiye Muddy Waters. Miaka miwili kabla, 1941, watafiti Alan Lomax na John Work walikuwa wamefika kibandani kwake kumrekodi kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Muddy aliposikia sauti yake ikirudi kwenye mashine aliamini kwamba anaweza.

Na tarehe 2 Oktoba 1944, shamba la Hopson, nje kidogo ya mji uleule wa Clarksdale, walionyesha hadharani mashine za kuvuna pamba. Mikono haikuhitajika tena. Reli ikajaa.

Chicago gitaa la kawaida halisikiki. Baa za South Side zimejaa, watu wametoka zamu, wanapiga kelele, treni inapita juu. Muddy akachukua gitaa la umeme. Alichopiga kilikuwa kilekile cha Delta, chupa ileile, ila sasa kina amplifaya. Mwaka 1948 "I Can't Be Satisfied" ikamtambulisha. Akaunda bendi: gitaa mbili, besi, dramu, piano, na harmonika ya Little Walter, ambaye alikumbatia maikrofoni ya bei rahisi pamoja na harmonika viganjani, akaiunganisha na amplifaya, kikatoka kitu kati ya saksafoni na ving'ora. "Juke" yake ya 1952 ilishika namba moja kwenye chati za R&B. Willie Dixon, bondia wa zamani, akawa mtunzi wa Chess, kampuni ya santuri ya hapo Chicago. Wolf akahamia huko pia, mtu wa zaidi ya futi sita anayetambaa jukwaani kwa magoti.

BintiMvita

Samahani tena. "Muddy akachukua gitaa la umeme", sawa, lakini wa kwanza hakuwa yeye. Mkesha wa mwaka mpya wa 1943, kabla Muddy hajakanyaga Chicago, mshairi Langston Hughes alimkuta Memphis Minnie kwenye klabu moja jijini humo akicharaza gitaa la umeme, akaandika gazetini namna linavyounguruma. Mwanamke, kavaa vizuri, kakaa juu ya friji ya baa, kawafunika wanaume. Na tayari mwaka 1929 alikuwa amerekodi na mumewe wimbo wa mafuriko makubwa ya Mississippi ya 1927, ule ambao Led Zeppelin, bendi ya rock ya Uingereza, walikuja kuutumia.

NyuziSita

Kabisa. Na Big Bill Broonzy, mpiga gitaa wa Chicago, mwenyewe alisimulia kwamba walishindanishwa yeye na Minnie, na Minnie akaondoka na zawadi.

MtaaWaSaba

Mkuu, hebu tuwe wakweli. Hii kitu si ya Mali? Ali Farka Touré alisema mizizi iko kwake, na ukimsikiliza unaona kabisa. Wamarekani wameiba jina tu.

NyuziSita

Nusu ni kweli. Mtafiti Gerhard Kubik aliandika kwamba tabia nyingi za blues, yaani kuimba kwa kuburuza sauti, mpigaji mmoja na chombo chake cha nyuzi, wimbo unaozunguka sehemu moja, zinafanana zaidi na ukanda wa savana wa Afrika Magharibi, Senegali mpaka Mali na kuendelea, kuliko na pwani ya ngoma. Sababu mojawapo ya nyuzi kushinda ngoma kule: baada ya uasi wa Stono wa mwaka 1739 huko South Carolina, sheria iliyofuata ilipiga marufuku ngoma kwa watumwa. Mwanahistoria Sylviane Diouf huwa anachezesha wimbo wa kazi uliorekodiwa gereza la Parchman, Mississippi, halafu adhana, moja baada ya nyingine, na waliokulia karibu na msikiti hawahitaji maelezo.

Lakini kodi tatu, gitaa la dukani, Kiingereza, beti ya mistari mitatu, hayo yalitengenezwa Marekani na watu waliozaliwa Marekani. Na Ali Farka alipokuwa kijana alisikiliza santuri za John Lee Hooker, mpiga blues wa Marekani, kwa hiyo njia ilikuwa na watu wanaoenda na wanaorudi. Albamu yake na Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, ya mwaka 1994 ilipata Grammy. Isikilize kama mazungumzo, usiisikilize kama cheti cha kuzaliwa.

Ukitaka mahali ambapo Marekani inakaribia Afrika zaidi usiende Delta, nenda vilima vya kaskazini mwa Mississippi, mashariki yake kidogo: Fred McDowell, Junior Kimbrough, R.L. Burnside. Kodi moja tu, inazunguka dakika nane, watu wanacheza kama wamepandisha. Huko filimbi ya mwanzi na ngoma zilidumu kwenye sherehe za mashambani, Othar Turner alizipiga mpaka uzeeni.

KerichoHills

Sisi Afrika Mashariki pia tuna kamba yetu na blues, na haipiti Mali. Inapita kwa mzungu mmoja.

Jimmie Rodgers wa Meridian, Mississippi, mfanyakazi wa reli, alirekodi mfululizo wa nyimbo alizoziita "Blue Yodel", kuanzia 1927. Chukua hizo nyimbo uondoe ule mwito wake wa kupasua sauti: kinachobaki ni blues ya mistari mitatu aliyojifunza kwa Weusi wa relini. Namba 9 aliimba mwaka 1930 akiwa na Louis Armstrong kwenye tarumbeta. Santuri zake zikafika Kenya, mpaka kwa Wakipsigis. Watu walipoisikia sauti ile wakasema huyu si mtu mzima mzima, ni nusu mtu nusu paa. Jina lake wakalitamka Chemirocha, wakamtungia nyimbo. Hugh Tracey alizirekodi mwaka 1950, wasichana wanaimba juu ya chepkong, kinubi cha kwetu, wanamwomba Chemirocha acheze.

NyuziSita

Na sasa sikieni hii: Howlin' Wolf alisema mlio wake ulitokana na kujaribu kumwiga huyohuyo Jimmie Rodgers. Mwito ule wa kupasua sauti ulimshinda, akatoa mngurumo. Mtu mmoja, santuri zilezile: Mississippi zinazaa mbwa mwitu (ndiyo maana ya Wolf), Kericho zinazaa nusu paa.

Lushoto_Mvua

Mimi nina swali la uchokozi. Mnasema inadumu. Inadumu kwa nani? Weusi wenyewe wa Marekani waliiacha miaka ya sitini wakaenda kwenye soul. Leo ukumbini wamejaa wazee wa Kizungu na watalii. Hiyo ni makumbusho.

NyuziSita

Swali zuri, na sehemu yake sina ubishi nayo. Kwa kijana wa Chicago wa 1965, blues ilikuwa muziki wa baba na wa shamba alilokimbia baba. Waliokimbilia ni Waingereza: kundi zima la Rolling Stones lilijipa jina kutokana na wimbo wa Muddy wa 1950, na mwaka 1964 wakaenda kurekodi Chess kwenyewe. B.B. King alisimulia kwamba mwishoni mwa miaka hiyo alifika ukumbi wa Fillmore, San Francisco, akaona foleni ya vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu akadhani wamekosea mahali. Walisimama kumpigia makofi kabla hajapiga noti, akalia.

Lakini makumbusho hayazai. Christone Ingram, wanamwita Kingfish, kazaliwa Clarksdale mwaka 1999, na albamu yake iliyopata Grammy aliipa jina la msimbo wa simu wa kaskazini mwa Mississippi, 662. Bentonia, kijiji cha Skip James, kilabu cha Blue Front kimefunguliwa tangu 1948.

Kuhusu kwa nini inadumu, nadhani ni kwa sababu haimwambii mtu ajisikie vipi. Mstari wa kwanza unakupa jambo, treni, barua, kiatu kilichotoboka. Unarudiwa, na wakati unarudiwa msikilizaji anaanza kujitungia jibu. Wa tatu unakuja mara nyingi na kichekesho. Nyimbo nyingi za blues ni za kuchekesha, hilo wanaozitangaza kama muziki wa machozi hawalisemi. Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928, akarudi kulima. Miaka 35 baadaye, 1963, mpenzi mmoja wa santuri alisikia wimbo wake unaotaja Avalon kuwa ndiko nyumbani, akatafuta ramani, akaenda, akamkuta. Bado alikuwa anaweza zote.

MtaaWaSaba

Haya na mimi nimejaribu, mistari mitatu kama ulivyosema:

Treni ya Kigoma imepiga honi, mpenzi kashakata tiketi,
Nasema treni ya Kigoma imepiga honi, mpenzi kashakata tiketi,
Mfukoni nina mia mbili, hainivushi hata geti.

BintiMvita

Hahaha. Charley Patton angekununulia samaki.

KatangaYaZamani

Geti hilo limenimaliza bandugu. Mkuu NyuziSita, mimi napiga gitaa kidogo. Skip James anafunga nyuzi vipi? Nimejaribu kwa mfungo wa kawaida haitoki.

NyuziSita

Haitatoka. Mtindo wa Bentonia ni mfungo wazi wa kodi ya huzuni. Shusha hivi, kuanzia uzi mnene: D, A, D, F, A, D. Yaani wa sita unashuka hatua moja nzima, wa tano na wa nne uviache, wa tatu unashuka hatua moja, wa pili hatua moja, wa kwanza hatua moja. Yeye mwenyewe wakati mwingine alikuwa juu zaidi, E, B, E, G, B, E, lakini kwa nyuzi kuukuu usithubutu kupandisha. Piga zote bila kushika kitu uone. Halafu tafuta rekodi zake za 1931 alizofanya Grafton, Wisconsin, usianze na zile za miaka ya sitini. Ukikwama kwenye gumba njoo hapahapa, BintiMvita ana mikono mizuri kuliko mimi.

BintiMvita

Nani kakwambia? Ila ni kweli. Karibu.